Punguzo la Mtani

Chumba kile nilikipata kwa uongo, na uongo wenyewe ulikuwa salamu tu.

Nilifika Songea na robota langu la kwanza la mitumba, biashara ilipoachiwa huru na kila mwenye kibanda akajiona tajiri. Mtaa mzima wa Bombambili wenye nyumba walitaka kodi ya miezi sita mkononi, hata kitasa hujakishika. Siku ya tatu nikamkuta mama mmoja wa Kingoni anafagia uwanja, naye akaniuliza kabila. Mimi ni Mpare, ila nimekulia Iringa. Nikamjibu, "Kamwene!"

"Kumbe Mhehe!" akacheka. "Basi mtani wangu. Mwezi wa kwanza kaa bure, mingine utalipa mmoja mmoja. Mtani hatozwi kama mgeni."

Nilijiona mjanja sana.

Aibu ilianza kwa baba yake, mzee aliyeota jua barazani. Kila asubuhi nikimpa shikamoo ananirushia: "Marahaba, mtumwa wangu! Babu zako tuliwakimbiza wakaacha viatu." Namjibu kwamba viatu hivyo ndivyo alivyovaa. Hucheka mpaka akakohoa. Nilimpenda. Siku moja akaniambia, "Nikifa, usiwaache wanangu walie tu. Njoo unitukane."

Ndiyo kazi ya mtani msibani: humwigiza marehemu, humsema vibaya, waliofiwa wakapata kucheka. Mzee alipofariki, niliingiwa na hofu. Niliona Wahehe wa kweli watakuja, wataniuliza ukoo wangu, wataniumbua mbele ya watu. Asubuhi ileile nikapanda basi la Tunduru, nikidai nafuata mzigo.

Nilirudi baada ya siku tano, matanga yameanuliwa. Mama akanipa kiti.

"Tulikungoja, mtani. Hakuja mwingine. Tulilia tu."

Hakunilaumu. Aliingia ndani akatoka na koti la mzee. "Haki ya mtani hii. Mwenyewe alisema upewe."

Nilifungua kinywa nimwambie ukweli. Nikaikumbuka kodi ya miezi sita, nikapokea koti kwa mikono miwili.

"Livae tuone."

Nikalivaa. Alinitazama huku anatabasamu, akingoja nimwigize baba yake japo kidogo, apate kucheka. Mwendo wa mzee niliujua, na kikohozi chake nilikijua. Nilisimama pale mikono ikining'inia, nikamwambia koti limenikaa vizuri.