Ugonjwa wa Kaka, Adabu ya Dada

Kaka yangu alipochambua maharage kwa rangi, walisema anaumwa. Dada yangu alipofanya vilevile, walisema ataolewa mapema. Huo ndio utabibu tuliokuwa nao Gisenyi mwishoni mwa miaka ya tisini.

Wote wawili walikuwa wakubwa wangu, na wote wawili hawakumtazama mtu machoni. Kwa kaka, hilo lilikuwa pepo. Kwa dada, lilikuwa malezi. Kaka akinyamaza siku nzima, mchungaji aliitwa. Dada akinyamaza siku nzima, majirani zetu wa mtaa wa Nengo walimwuliza mama siri ya kulea binti, na mama, Mungu amsamehe, aliwapa ushauri. Radi ikipiga juu ya ziwa, kaka aliziba masikio na kulia mbele ya wageni. Dada alikwenda kuziba yake jikoni, akarudi na chai.

Basi akapatikana mchumba, karani wa ofisi moja mjini, mtu aliyeweza kutembea na dada kando ya maji jioni nzima bila kumwuliza anawaza nini. Dada alimtaka. Aliniambia hivyo kwa sentensi moja, naye hakuwa mtu wa kupoteza maneno. Kikwazo kilikuwa shangazi wa yule karani, mchuuzi aliyevuka mpaka kwenda Goma kila asubuhi, na ambaye alikagua ukoo wa watu kama alivyokagua vitenge: kwa kuugeuza upande wa ndani.

Alikuja Jumapili. Tulitaka kumpeleka kaka kwa babu, kijijini Kanzenze, lakini siku zile za waasi barabara ya huko haikuwa ya kumpitisha mtu, kwa hiyo tukamfungia chumbani. Dada akawekwa uani na ungo wa maharage, ili aonekane kana kwamba hakuna aliyepanga.

Shangazi alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu mutoto iko na heshima," alisema. "Ata haniangalie."

"Tulimulea vile," alisema baba, ambaye hakuwahi kulea hata kuku.

"Bon. Na ule kijana wenu? Wanasema iko na shida mu kichwa."

"Ile kitu inatoka kwa upande ya bibi yangu," baba alisema haraka.

"Upande yangu?" mama aliuliza. "Na baba yako, mwenye alikuwa anafuata padri mpaka nyumbani juu ya kengele kuchelewa kulia?"

Shangazi akainua mkono. "Sikuje kugombanisha watu. Nataka kujua neno moja: iko mu damu ao hapana? Huyu binti akituletea vijana wa vile, ni mi wataniuliza."

Hapo nikaingilia. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, na biolojia ilikuwa bado ya moto kichwani. Nikaeleza kwamba mvulana hupata kromosomu X moja tu, ya mama yake. Msichana hupata mbili. Mvulana ni nyumba yenye umeme peke yake. Msichana ana umeme na koroboi: kimoja kikizimika, kingine kinawaka. Baba alifurahi sana kusikia kwamba X ya kaka ilitoka kwa mama.

Leo najua nilikuwa nimeshika mkia nikidhani ni ng'ombe mzima. Waliosoma kuliko mimi wanasema jeni zinazohusika ni nyingi, za baba na za mama. Kwamba msichana huenda anabeba mzigo mkubwa zaidi wa jeni hizo kabla haujaonekana. Na kwamba mara nyingine hauonekani kwa sababu hakuna aliyetazama. Hata neno usonji hatukuwa nalo. Lakini mchana ule nilikuwa profesa.

"Donc binti iko salama," shangazi alisema.

Tukashusha pumzi. Sasa dada alitakiwa kunyamaza tu, kazi aliyoiweza kuliko mtu yeyote mjini.

"Hapana," dada alisema.

Hakuinua macho. Mawe ya kutoa yalikuwa yamekwisha zamani; ungoni maharage mekundu, ya njano na meusi yalikaa mbalimbali kama makabaila wasiosalimiana.

"Mi na kaka tuko sawa. Ye munamuona. Mi nilijifunza kujificha, na inachokesha."

Mama akaanza kusali chinichini. Shangazi akachuchumaa, akachukua punje ya njano, akaitupa katikati ya nyeusi. Kabla hajarudisha mkono, dada alikuwa ameiondoa. Akatupa nyingine. Dada akaiondoa.

"Na mutoto wako akikuwa vile?"

"Nitamujua mapema," dada alisema. "Na siku ya ndoa sitaki ngoma."

"Yewe. Ndoa bila ngoma, watu watasema tulikuzika." Shangazi aligeuza punje moja kiganjani. "Ngoma itapigwa. We utakaa nyuma ya nyumba, na mi nitakaa na we."

Ndivyo ilivyokuwa. Mbele ngoma zilinguruma. Nyuma, kati ya masufuria ya wapishi, bibi harusi alikaa ameziba masikio, kaka upande mmoja, shangazi upande mwingine. Wageni waliouliza waliambiwa analilia kwao, wakaridhika, wakaomba bia. Shangazi alilalamika kutwa kwamba miguu inamuuma, lakini hakuinuka.