Moto wa Shangazi

Mama Tanuri aliingia duka la vitu vya watoto akiwa na nia njema, na nia njema hiyo haikufika hata rafu ya pili. Mjukuu wake, huyo mmoja tu aliyejaliwa, alikuwa anatimiza miaka sita Jumapili, na zawadi alikuwa ameitaja kwa kinywa chake mwenyewe: "Bibi, nataka vitu vya kuoka." Mwambie maneno hayo mwanamke aliyemalizia ujana wake mbele ya tanuri la mikate, halafu uone kama moyo wake utakaa kifuani. Ila binti yake, mama wa huyo mtoto, alikuwa ameshampigia simu.

"Mama, nakuomba. Usimletee mambo ya unga na moto. Kuna yale majiko ya kuchezea, ya plastiki. Mnunulie moja, yaishe."

Ndilo lililomleta dukani. Kijana muuzaji alimwonesha jiko lenyewe, la rangi ya waridi, limesimama kwenye kona yake kama bibi harusi. Lilikuwa na vitufe visivyobonyezeka na stika ya moto iliyobandikwa pale ambapo moto ungepaswa kuwa. Keki ilikuja imeshaiva, imeshapakwa krimu na kukatwa vipande, vipande vyenyewe vimenatishwa, ukivivuta vinaachana kwa sauti ya shati kuukuu linalochanika. Mti wa kusukumia ulikuwa umegandamana na mishikio yake, hauzunguki ng'o. Unga nao ulikuwa picha ya unga.

Mama Tanuri alifungua mlango wa jiko lile, na hapo mazoea yakamponza. Kabla akili haijamkataza, mkono ulikwisha kupandisha shati na kuzama ndani hadi kwenye kiwiko, na midomo ikaanza yenyewe: "Baba, mama, kaka, dada..."

Kwenye kiwanda chao cha mikate kipimo cha joto kilikufa zamani, na mwenye kiwanda hajaona sababu ya kukizika wala kukifufua. Waokaji hupima moto kwa mkono na kwa ukoo. Unaingiza mkono mtupu tanurini, unawataja ndugu polepole, kila mmoja na pumzi yake: baba, mama, kaka, dada, shangazi, mjomba, bibi, babu. Mkono ukikimbia kwa kaka, moto ni wa kuunguza, subiri. Ukikimbia kwa shangazi, ingiza mikate. Ukifika kwa babu ungali unatabasamu, moto umelala, tafuta kuni. "Mkate unataka moto wa shangazi," ndivyo kila mgeni anavyoambiwa siku ya kwanza, na huyo shangazi aliyeanzisha mambo haya alikuwa wa nani, hakuna ajuaye.

Muuzaji alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. "Mama, hilo haliwaki."

"Naona."

"Ni la kuchezea tu."

"Acheze nini hapo? Keki imeshapikwa, imeshapambwa, imeshakatwa. Kazi iliyobaki ni kuosha vyombo."

"Watoto wanalipenda sana, mama. Halafu halichafui nyumba."

Afadhali angenyamaza. Mama Tanuri alishusha mkono wa shati lake taratibu, kama mtu anayejizuia asiseme, kisha akasema. Aliuliza tangu lini unga umekuwa uchafu. Aliuliza kama huyo kijana asubuhi alikunywa chai na plastiki. Mama mmoja aliyekuwa anachagua mwanasesere alimrudisha mwanasesere akatoka. Muuzaji, maskini, alibaki anatazama viatu vyake, maana jiko lile hakulitengeneza yeye, na Mama Tanuri alilijua hilo, lakini hasira ikishapanda haiulizi mwenye kosa yuko wapi.

Alitoka mikono mitupu na kwenda moja kwa moja kwa fundi seremala aliye jirani na kiwanda. Akamtaka amchongee mti wa kusukumia unaotosha viganja vya mtoto, na uzunguke. Fundi bati akamkunjia chombo cha kuokea mkate mdogo, kingo zake zimekunjwa vizuri zisikate vidole. Aproni aliipata kwa kupunguza mojawapo ya zake, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini, na chekeche akanunua sokoni, dogo la kuchujia chai. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, alijisemea akifunga kifurushi, na mjukuu wa muoka mikate hatachezea picha ya unga mimi nikiwa hai.

Mjukuu mwenyewe alikuwa anayajua mambo yote hayo ya moto wa shangazi. Jumamosi alizoletwa kwa bibi alikuwa na kigae chake cha sakafu jikoni, mbali na moto, ambacho haruhusiwi kukivuka. Bibi akiingiza mkono kwenye oveni yake kuukuu, mtoto anawataja ndugu kwa sauti, na mkono wa bibi ukichomoka wanasema jina pamoja. Mama yake alidhani wanatazama katuni.

Jumapili ilifika. Nyumba ya binti ilikuwa ghorofani, safi mpaka unaona aibu kukaa, na sebule ilijaa wenzake wa kazini. Binti alikuwa mpokeaji wageni hotelini, na wenzake walikuwa wamechanga wakamnunulia mtoto zawadi moja kubwa. Mama Tanuri aliiona tangu mlangoni. Lilikuwa lile lile jiko la waridi.

Binti alipokea kifurushi cha mama yake mlangoni, akachungulia ndani, akatabasamu tabasamu la kazini. "Asante, mama. Atavitumia akikua." Akakipandisha juu ya friji, ambako mtoto hafiki hata akisimama juu ya kiti.

Mama Tanuri akaingia sebuleni. Alikaa na kupokea soda. Mgeni mmoja mwenye adabu zake akamgeukia, "Mama, na wewe unafanya kazi wapi?" Kabla hajafungua mdomo, binti alidakia kutoka upande wa pili wa sebule:

"Mama yuko kwenye mambo ya vyakula."

Mambo ya vyakula. Kama kusema marehemu alikuwa kwenye mambo ya kupumua. Mama Tanuri aliweka soda chini, akamfuata binti yake jikoni, akausukuma mlango ukajifunga.

"Mambo ya vyakula ndiyo nini? Mimi ni ghala?"

"Mama, wageni wapo."

"Wawepo. Wao hawali mkate? Nyumba hii umeipata kwa kusoma, na kusoma umekupata kwa unga. Leo unaupandisha juu ya friji kama sumu ya panya."

Hapo binti aliacha kupanga sahani. "Panya," alisema. "Umelitaja mwenyewe. Unajua shuleni waliniita nani? Panya wa Unga. Darasa zima, miaka yote."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa ukitoka zamu asubuhi unanisuka hapo hapo, hujanawa vizuri. Nilikuwa nafika darasani na mvi, mama. Mtoto wa darasa la pili, na mvi."

Mama Tanuri alikuwa ameingia jikoni na hasira ya mtu mmoja, na sasa alijikuta nayo ya darasa zima, imechelewa miaka na haina pa kutua.

"Akina nani hao? Nitajie."

"Mama, ni watu wazima sasa. Wana watoto."

"Na hao watoto wao wanakula mkate wa nani?" Binti alitaka kucheka akashindwa, na mama yake akaendelea: "Mbona hukuniambia? Ningenawa."

"Ulikuwa unakuja umechoka, unasinzia umesimama. Ningekwambia ungeacha kunisuka." Akafuta macho kwa kitambaa cha vyombo. "Sikutaka uache. Nilitaka wao ndio waache. Na huyu wangu sitaki waanze naye."

Walikuwa bado wanatazamana pale kicheko kilipolipuka sebuleni. Walitoka wote wawili. Mtoto alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la waridi, mkono ndani hadi kwenye bega, macho amefumba, anataja kwa sauti ya mtu aliye kazini: "...mjomba, bibi, babu, jirani, mwalimu, paka wa jirani..." Wageni walikuwa wanajifuta machozi kwa kicheko. Alipofumbua macho na kumwona bibi yake, yeye hakucheka.

"Bibi, ukoo umekwisha, na bado baridi."

"Haliwaki hilo, mjukuu wangu."

"Sasa mkate utaiva vipi?"

Mama Tanuri alikuwa na jibu, tena refu, alilokuwa amelitunza tangu dukani. Hakupata nafasi ya kulitoa. Binti yake alikuwa amegeuka kurudi jikoni, akanyoosha mkono juu ya friji, akakishusha kifurushi na kukiweka mbele ya mtoto. "Fungua," alisema. "Ni cha bibi yako. Bibi yako ni muoka mikate."

Jikoni hapakukalika. Mtoto alivaa aproni iliyomfika vidole vya miguu hata baada ya kupunguzwa, akachunga unga kwa lile chekeche la chai mpaka mgeni mwenye adabu akapiga chafya. Walikanda bibi na mjukuu, na mama mtu akaongeza maji bila kuambiwa wakati unga ulipoyataka. Donge likaachwa liumuke huku watu wanakula keki ya dukani, likaumuka, likasukumwa kwa mti unaozunguka, likalazwa kwenye chombo cha bati.

Oveni ya nyumba ile ilikuwa ya kisasa, inaandika joto lake kwa tarakimu za kijani. Binti alisimama mbele yake akazitazama kidogo. Kisha akapandisha mkono wa blauzi yake ya kazini, akamwambia mtoto arudi nyuma ya kigae cha mwisho, akafungua mlango. Mkono uliingia ndani mtupu. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, na Mama Tanuri, aliyekuwa na uhakika kwamba huyu hakuwahi kujifunza kitu, alimsoma mdomoni: baba, mama, kaka, dada. Mkono ukachomoka.

"Shangazi," binti akasema.

"Shangazi," mtoto akasema pale pale kwenye kigae chake.

Mama Tanuri akampa chombo cha bati. Binti aliingiza mkate, akafunga mlango, akamgeukia mtoto aliyekuwa na kisokoto kimoja cha nywele kimemwangukia machoni. Alikirudisha nyuma kwa vidole vyenye unga. Alama nyeupe ilibaki juu ya paji la uso, imepanda mpaka kwenye nywele. Mama mtu aliiona, na bibi mtu akaona kwamba ameiona, na hakuna aliyeipangusa.