Sukari Iliposhuka Kimya

Mume wangu alikuwa na kisukari, kile cha kuchoma insulini, na dalili yake ya kwanza ilikuwa ugomvi. Sukari ikishuka tu, utasikia: "Mama watoto, nani kauacha huu mlango wazi?" Na mlango umefungwa! Mikono inatetemeka, jasho linamtoka hata Julai, baridi ya mlima Meru ikitukata. Nami sibishani. Namwekea chai yenye sukari ya kutosha, anakunywa huku anasonya, kisha taratibu anaanza kucheka na kuniomba radhi.

Daktari alitueleza kwamba ule ni mwili unajilinda. Sukari ikipungua kwenye damu, mwili unashtuka: unamtikisa mtu, unamtoa jasho, unamsumbua mpaka ale. Akishakula ikapanda, unatulia wenyewe. "Ila ikishuka mara kwa mara kwa miaka," alisema, "mwili unazoea, unaacha kushtuka." Nilimsikia vizuri. Sikujua tu kwamba jambo hilo likija nitalifurahia.

Maana lilikuja na upole. Ugomvi ulipungua, ukaisha kabisa, nami nikamshukuru Mungu. Mabinti zetu wakanitania, "Mama, umempa nini baba?" Nyumba yetu ya mtaa wa Sakina ikatulia, nikanenepa kwa raha.

Jumapili ya mavuno, mnada wa mazao ya sadaka baada ya ibada ulirefuka. Mzee wa kanisa alikuwa akipandisha bei ya ndizi huku akichekesha watu, hakuna aliyetaka kuondoka. Nikakumbuka mume wangu alichoma sindano asubuhi, akanywa chai tu. Nikamuuliza, "Njaa haijakuuma?"

"Niko sawa kabisa, mke wangu," akatabasamu.

Nilimshika mkono. Ulikuwa mkavu, haukutetemeka hata kidogo. Basi nikarudi kugombania mkungu wangu. Nilipogeuka tena alikuwa ameinamia benchi la mbele, na watu wa nyuma yetu walidhani anasali.

Walimpa soda ikamwagikia shati. Hospitali walimtundikia dripu ya sukari, lakini hakuzinduka tena.

Msibani kila aliyenishika mkono alisema, "Pole mama, lakini kafa kwa amani, tena kanisani." Najua walitaka kunifariji. Jamani, amani gani hiyo! Laiti angesimama siku ile akanifokea mbele ya mchungaji na washarika wote, nikaona aibu mpaka leo, halafu tukarudi wote wawili nyumbani.