Gari Lililomkataa Mama

Mama yangu alishuka kwenye gari langu katikati ya safari, kwenye tuta la pili tangu tutoke kwake Issuna, akiwa na kikapu chake na jogoo mmoja, akasema atamalizia kwa basi.

"Gari limenikataa, mwanangu. Hulisikii linavyolia?"

Nililisikia. Kila tulipopanda tuta, nyuma kulitoka mkwaruzo mrefu, kama mtu anayeburuta sufuria sakafuni. Nikiwa peke yangu halikulia. Mama ni mtu mwenye mwili, na hupenda kukaa nyuma ajimwage na mizigo yake kama waziri. Kwa hiyo jibu alilipata yeye mwenyewe kabla yangu. Nilimbembeleza, nikashindwa, nikanuna. Basi la Singida lilipotokea akapanda, akanipungia mkono dirishani, jogoo kwapani.

Safari yenyewe haikuwa na maana kubwa. Lililoniuma ni la Kiomboi. Tangu nianze ualimu nilimwahidi kwamba siku nikipata gari nitampeleka huko kwa dada yake mkubwa, nimshushe mlangoni kabisa, majirani waone. Dada yake hasafiri tena, miguu imemgomea. Na gari nilikuwa nimelipata: dogo, la mtumba, rangi ya maziwa, nililolinunua kwa mtu wa Manyoni. Mama ndiye aliyelibariki siku ya kwanza. Alikuja na stika ya kanisani iliyoandikwa "Mungu Kwanza". Hakutaka ibandikwe nje, mvua ingeibandua. Akafungua mlango wa dereva, akaibandika ndani kwenye nguzo ya mlango, akaisugua kwa kidole gumba mpaka akaridhika.

Nina kichwa kigumu, nakiri. Fundi wa kwanza alisema shokapu zimekufa, nikaweka nyingine. Ili kujaribu, nikapakia magunia mawili ya vitunguu kiti cha nyuma. Likalia vilevile. Nikampigia mama simu kwa furaha, nikidhani namfariji: si wewe, mama, hata magunia mawili ya vitunguu linayalilia!

"Kwa hiyo mimi ni magunia mawili," akasema, akaongeza neno la Kinyaturu ambalo sitaliandika hapa.

Mwenzangu mmoja shuleni akaniambia labda matairi yamechoka. Hilo nikalifanya kisomi. Nilichuchumaa na daftari, nikanakili namba zilizo ubavuni mwa tairi, 185/70 R14, nikazihakiki mara mbili kwa kalamu nyekundu. Nikaenda mjini nikanunua manne mapya yenye namba hiyohiyo. Jumamosi nikashuka Issuna nikipiga honi tangu njiapanda. Mama akapanda, kwa shingo upande. Tuta la kwanza tu, mkwaruzo ukatoka mkali kuliko wa zamani.

Alicheka, lakini alicheka akiwa ametazama nje.

"Niache tu, mwanangu. Dada yangu nitamsalimia kwa simu."

Nilirudi kwangu Mandewa nimefura. Karibu na ninapoishi kuna fundi tairi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimsalimia shikamoo vizuri, kisha nikaanza kulalamika kama kwamba yeye ndiye aliyeniuzia. Akaniacha nimalize. Akapiga jeki, akachomoa tairi moja la nyuma, akanionyesha ndani ya madigadi: bati lilikuwa limesuguliwa mpaka linang'aa.

"Mwalimu, nani alikwambia hii ndiyo saizi yake?"

"Tairi la zamani."

"Na la zamani nani alilifunga?"

"Aliyeniuzia. Kwao ni ndani huko, barabara ni mashimo na mawe matupu."

"Basi alilinyanyua lisikwaruze tumbo. Wengi hufanya hivyo. Kafunga tairi nene kuliko linalotakiwa na gari. Uzito ukikaa nyuma, gari linashuka, tairi linagusa bati. Kakosea yeye, na wewe umenakili."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi, ambaye kila muhula nawasimamisha mbele ya darasa watoto wanaonakiliana, nilikuwa nimenakili kosa la mtu wa Manyoni kwa kalamu nyekundu, tena nikalihakiki.

"Saizi yake halisi imeandikwa kwenye gari lenyewe," akasema. "Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo."

Nikafungua. Kwenye nguzo palikuwa na "Mungu Kwanza".

Tuliibandua kwa maji ya moto na ukucha, taratibu, kwa heshima zote. Chini yake palikuwa na karatasi ndogo yenye maandishi ya Kijapani, na katikati namba ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza angeisoma: 165/70 R14. Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Akayachukua yale mapya, akanifungia ya saizi hiyo. Stika nikairudisha pembeni kidogo.

Kumshawishi mama kulichukua vikombe vitatu vya chai. Alikubali nilipomwonyesha karatasi na mahali alipokuwa ameibandika baraka yake. Akapanda nyuma, na safari hii hakujihurumia: debe la karanga, mafuta ya alizeti, kuku wawili wa dada yake. Nikaondoa gari. Kwenye kioo nilimwona ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili, amefumba macho.

Tuta la kwanza, kimya. Kuku mmoja tu ndiye aliyelalamika. Tuta la pili, lile alipokuwa ameshuka, tulilipanda na kulishuka kama kwamba halipo.

"Simamisha," akasema.

Nikakanyaga breki. "Kuna nini, mama?"

"Geuza. Tulipite tena."

Niligeuza, tukalipita. Akasema tena. Tukalipita mara tatu. Wauza vitunguu wa kando ya barabara walisimama kututazama, na mama akawapungia mkono. Nilicheka mpaka machozi yakanizuia kuona barabara, ikabidi nisimame pembeni. Nyuma yangu naye alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Kumbe sikuwa mimi," akasema polepole.

"Hukuwa wewe, mama. Hata siku moja."

Akajimwaga tena kwenye kiti, akaweka miguu juu ya debe la karanga.

"Basi twende Kiomboi. Na ukifika kwa dada yangu, upige honi."