Kulala Hotelini Katika Mji wa Shangazi

Kabla ya safari ile nilikuwa nimefika Paris, London na Brussels, tena si mara moja, na katika miji yote mitatu sikuwahi kula chakula cha wenyeji wala kulala kwenye kitanda cha hoteli. Paris ninayoijua mimi ni sebule ya binamu yangu, godoro la sponji nyuma ya kochi, na televisheni isiyozimwa. London ni chumba cha watoto, nimelala kwenye kitanda kifupi miguu ikining'inia nje. Niliporudi Toronto wenzangu kazini waliniuliza nimekula nini Paris. Bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, niliwaambia. Na nini kingine? Samaki wa kukaanga. Walicheka hadi wakashika mbavu, nami nikacheka nao, ila niliudhika. Nimevuka bahari nzima kwenda kula sombe ambayo ningeipika mwenyewe jikoni kwangu Lawrence Heights, tena ikawa tamu zaidi.

Sisi watu wa Bukavu ndivyo tulivyo. Mji ukiwa na ndugu yako, hulali hotelini. Hoteli ni ya mtu asiye na watu. Hata kama ndugu huyo anaishi kwenye chumba na sebule na watoto wamejaa, watoto watahamishiwa jikoni na wewe utalala, na asubuhi utamkuta ameshapika sufuria ya harusi, kwa sababu habari za kufika kwako zimeenea na wageni wengine wanakuja kumwona mgeni. Utakaa hapo ukipokea salamu mpaka siku ya ndege. Mji utauona dirishani.

Sasa, mimi ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko North York. Natandika vitanda. Navuta shuka mpaka likae kama ngozi ya ngoma, nawalisha wazee wa watu, nawapangusa midomo, nawauliza kama wameshiba. Nikirudi nyumbani naanza upya. Kuna bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, alizunguka Ulaya yote enzi za ujana wake, na kila nilipombadilishia mto alinisimulia vijihoteli vya ngazi nyembamba, mkate wa moto asubuhi, na vijimkahawa vya mitaa ya nyuma. Usiingie palipo na picha za chakula mlangoni, aliniambia, tafuta palipoandikwa kwa chaki. Nilimsikiliza huku nikimeza mate. Nilitaka na mimi nihudumiwe. Walau safari moja maishani, mtu mwingine anitandikie, mtu mwingine anipikie, nami nikae kitako kama mke wa gavana.

Mtu ataniuliza kwa nini nisichague mji usio na ndugu. Nilijaribu! Binti yangu, ambaye anafanya kazi ya kompyuta Markham na ndiye aliyenizawadia safari hii, alinitajia Lisbon. Lisbon yupo mtoto wa mjomba. Roma? Roma wapo masista wawili wa parokia yetu ya zamani. Copenhagen nilidhani nimepona, lakini nilipoitaja tu kanisani, mtu wa kiti cha nyuma akapaza sauti kwamba dada yake yuko huko na atafurahi sana. Binti yangu alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba basi nichague ninayempenda kuliko wote. Hapo hapakuwa na swali. Ni shangazi yangu wa Brussels.

Shangazi huyu ndiye pekee aliyebaki katika ndugu wa baba yangu. Tulipotoka Bukavu tukiwa na nguo tulizovaa, kwake ndiko tulikofikia, na sebule yake ndiyo iliyotulaza mpaka Canada ilipotufungulia mlango. Nampenda, na namwogopa vilevile. Neno lake moja kwenye kundi la familia kwenye simu linatosha kukumaliza. Binamu yangu mmoja alipita Brussels kikazi akalala hotelini, na shangazi aliandika tu kwamba alipita kama mtu baki. Tangu siku hiyo binamu hualikwa harusi kwa kusahauliwa kwanza na kukumbukwa baadaye. Mimi sikuwa tayari kumpoteza shangazi. Na hoteli pia sikuwa tayari kuiacha. Nilivitaka vyote viwili, na nilijua ni ama nitavipata vyote ama nitarudi Toronto bila shangazi.

Mpango wangu ulikuwa huu: siku mbili za kwanza nijifiche hotelini, nile, nilale, kisha nimtokee shangazi mlangoni na mizigo yangu kama vile nimeshuka kwenye ndege asubuhi hiyo. Nilijiona mjanja sana. Nilichosahau ni kwamba mtu wetu hasafiri peke yake, husafiri na vifurushi vya watu. Mama mmoja wa kwaya, aliposikia nakwenda Brussels, aliniletea kitenge cha sare ya harusi nimpelekee shangazi, na kabla hata sijafunga begi, alishampigia simu na kumwambia siku, saa na jina la ndege.

Basi natoka pale uwanja wa ndege wa Brussels, macho mazito ya kukosa usingizi, na mtu wa kwanza ninayemwona ni shangazi. Amevaa kitenge chake cha Pasaka, ana chupa ya chai mkononi, na kushoto na kulia kwake wamesimama mama wawili wa kanisa lake. Vigelegele vilipigwa mpaka mlinzi akageuka. Nilimkumbatia nikalia kweli, maana nilikuwa na hamu naye sana, na humo humo kwenye machozi nikawa nawaza, nimekwisha.

"Valizi iko wapi? Lete," alisema, akashika mpini wa begi langu. "Tunaenda ku nyumba. Chakula nilisha kupika tangu jana."

Mimi nikashika upande wa pili wa begi. Sijui ujasiri ule ulitoka wapi.

"Shangazi, nimechukua hoteli."

Wale mama wawili wakaangalia viatu vyao. Shangazi hakupandisha sauti, na hapo ndipo mtu humwogopa zaidi.

"Ku hoteli? Kwani miye nilisha kufa?"

"Hapana, Shangazi."

"Batu batasema nini? Batasema nilifukuza mutoto ya kaka yangu. Batasema nimezeeka, siwezi tena kupokea mugeni."

Nilimtazama usoni, na ndipo nilipoona jinsi alivyochoka. Ngozi chini ya macho ilikuwa imelegea, na ule mkono ulioshika begi langu ulikuwa na kovu jipya la mafuta ya moto. Mtu aliyepika tangu jana, akaja uwanjani asubuhi, na kesho angeamka apike tena. Huruma ilinishika, na pamoja na huruma likaja wazo, la papo hapo, wala sikulipanga nilipokuwa Toronto.

"Shangazi, chumba kina vitanda viwili," nilisema. "Kimoja ni chako. Mimi ndiye niliyekuja kukupokea. Wewe ni mgeni wangu."

"Mugeni? Mu muji yangu?"

"Katika chumba kile mwenye nyumba ni mimi. Nimekuandalia pa kulala, na nimekuandalia chakula. Nani alinifundisha kwamba ukikaribishwa na mtu ukakataa, umemtukana?"

Alikuwa ni yeye. Alinifundisha kwa maneno na kwa kunifinya, na kila aliyekuwa amesimama pale alijua. Shangazi aliuachia mpini wa begi. Sijawahi kumwona akishindwa, wala ndugu zangu hawajawahi, na hadi leo hawaniamini nikiwasimulia.

"Mama, hapo amekufunga," alisema mmoja wa wale mama, kwa upole.

"Na chakula yangu?"

"Sisi tutakula," wakajibu wote wawili, upesi kabisa, na mmoja akanyoosha mkono kuomba funguo za nyumba. Sikupepesa macho. Nilichukua begi langu, nikamshika shangazi mkono, tukaenda kutafuta treni.

Hoteli ilikuwa ndogo, nyuma ya kanisa la zamani, ngazi zake nyembamba mpaka begi likakwaruza ukuta. Shangazi alikagua kila kitu. Alifungua kabati, akainama kutazama uvungu, akabonyeza godoro, akapitisha kidole juu ya fremu ya picha akitafuta vumbi. Halafu akainua pembe ya shuka.

"Nani alitandika?"

"Sijui, Shangazi. Wala hatuhitaji kujua."

Akakaa. Akavua kilemba. Akasema anajinyoosha kidogo tu, na muda si mrefu alikuwa anakoroma kama mashine ya kusaga. Nami nikajitupa kwenye kitanda changu. Mtu aliyelivuta shuka lile alikuwa fundi, hilo ninaweza kulithibitisha kwa cheo changu. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu kwa sauti ya chini.

Tuliamka alasiri na njaa. Kwenye uwanja mkubwa wa katikati ya mji vijana walituita kwa menyu zenye picha, nikawapita na pua juu. Mtaa wa nyuma tulikuta mkahawa wa meza chache, ubao umeandikwa kwa chaki, na wazee wa mtaa wamekaa na magazeti yao. Shangazi alisimama mlangoni. Ameishi Brussels miaka mingi kuliko aliyoishi Bukavu, lakini aliniambia pale pale kwamba hajawahi kukaa kwenye mkahawa wa mji huo akaletewa sahani. Harusi, ndiyo. Misiba, ndiyo. Lakini huko kote alikuwa jikoni.

Niliagiza kome, ambao huletwa kwenye sufuria nyeusi na majani ya figili, na nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwa bia, na chipsi. Shangazi ni mlokole. Aliposikia bia alirudisha uma mezani. Akamwita mhudumu, mwanamume wa makamo mwenye aproni, akamhoji kwa Kifaransa chake kizito kuhusu muda ambao nyama ilikaa motoni. Mhudumu akaapa kwamba ni tangu asubuhi.

"Kama bia ilikufa ku moto, haina zambi," shangazi aliniamulia, akachota. Akatafuna taratibu. Kisha akafungua mkoba, akatoa kichupa cha pilipili anachotembea nacho, akamimina, akatafuna tena. "Iko muzuri. Chumvi tu kidogo." Kome aliwaita konokono wa baharini na kusema hawagusi. Alimgusa mmoja kwa ajili ya kunionyesha jinsi walivyo wabaya. Baada ya hapo sufuria ilihamia upande wake na mimi nikabaki na chipsi.

Tulipomaliza, alisimama na kuanza kupanga sahani, kubwa chini, ndogo juu, na mabaki pembeni. Hakujua hata kwamba anafanya. Mhudumu akaja akazichukua mikononi mwake kwa adabu na kumwomba akae. Akakaa. Yule mwanamume akainama kidogo akamuuliza kama ameshiba, au amletee kitu kingine.

Lilikuwa ni swali la kazi, nalijua, nami nauliza lile lile kila siku. Lakini shangazi alianza kulainisha kitambaa cha meza kwa viganja. Nikamjibia mimi kwamba tunataka keki. Alipoondoka, shangazi akaniambia kwa Kiswahili:

"Tangu nifike hii inchi, hakuna mutu alishaniuliza kama nimeshiba."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi sikuwahi kumuuliza, miezi yote ile tuliyokula mikononi mwake. Badala yake nilimsogezea keki yote ilipoletwa, na akaila yote.

Asubuhi tulishuka kwenye chumba cha chai. Mwenye hoteli alituletea mkate wa moto, jibini, mayai, na kahawa kwenye jagi la bati. Shangazi alikuwa amevaa kilemba upya na amekaa ameegemea kiti, mikono juu ya tumbo. Simu yake ikaita. Alikuwa binamu yangu wa Paris, na kwa kuwa shangazi huweka simu kwenye spika hata akiwa kanisani, chumba kizima kilisikia. Anakuja Jumamosi na mke, watoto, na wakwe. Nikajua kinachofuata. Nimekisikia maisha yangu yote: karibuni, mahali papo, tutabanana.

Pia nilijua kwamba sasa ndipo atakaposema yuko wapi, na kwa nini. Kwa neno hilo familia itanihukumu. Niliweka kisu chini.

"Mukuje," shangazi alisema. "Miye niko ku hoteli na mutoto ya kaka yangu. Amenipokea vizuri sana. Nanyi mutafute hoteli, kuko mingi ku gare ya treni. Mukisha kufika, munipigie, nitakuja kula kwenu."

Kule Paris mtu alikohoa. Binamu akasema sawa, Shangazi, kwa sauti ya mtu aliyepigwa kibao asijue kimetoka wapi, na simu ikakatika.

"Watanuna," nilimwambia.

Shangazi akajipakia jibini kwenye mkate, tabaka nene.

"Banune," alisema, akamwinulia kikombe mwenye hoteli aongezewe kahawa.