Santuri ya Marehemu

Msinicheke, maana Mlandege nzima ishanicheka. Mie nauza santuri, na kuna wimbo mmoja wa huzuni ninao kwa sauti za waimbaji watatu, lakini anayenitoa machozi ni Bi Mwanaidi. Nilisikia barazani kuwa keshafariki, basi kila mteja nikimwambia, "Hii sauti ya marehemu," nao wakinunua.

Juzi akaingia mwanamke kajigubika buibui, akaomba niipige. Katikati ya wimbo gramafoni ikaishiwa ufunguo niliouzungusha, santuri ikasimama. Sauti haikusimama. Iliendelea kuimba, ile ile, nyuma ya shingo yangu. Nikajitupa chini ya meza nikisoma Ayatul Kursi kwa kelele, wateja wakinikodolea macho.

Mwanamke akafunua uso.

"Mwanangu," akasema Bi Mwanaidi mwenyewe, "hitma yangu mliisoma msikiti gani?"