Titi Walilotaka Kulikata Bila Kujua Lina Nini

Mimi ni Nanjala, mshonaji wa sare za shule mjini Kitale. Nyumbani kwangu ni Bumula, upande wa Bungoma, lakini siku za kazi nalala mtaa wa Tuwan, hapo Kitale, kwa mdogo wangu Nafula. Niliishia darasa la nane. Mengine nimejisomea mwenyewe. Kabla ya haya sikuwahi kulazwa hospitalini ila kwa kujifungua.

Uvimbe niliugundua nikioga. Ulikuwa kwenye titi la kushoto, juu, karibu na kwapa. Mgumu kama kokwa ya parachichi, hauumi, na nikiusukuma hausogei. Baada ya muda ngozi iliyoufunika ikaanza kuvutwa ndani, na kwapani zikavimba tezi. Nilijua dalili hizo huwa za nini, kwa hiyo sikungoja. Nilienda kiliniki moja ya binafsi Bungoma, kwa kuwa mume wangu Wanyonyi angeweza kunisindikiza.

Daktari alitazama eksirei ya titi akasema inafanana na kansa. Kwa hilo simlaumu. Inafanana kweli. Namlaumu kwa yaliyofuata.

Walinitoa vipande vya nyama kwa sindano nene. Kwetu mgonjwa hubeba sampuli yake mwenyewe hadi maabara, na tumezoea hata hatuulizi. Muuguzi alitafuta fomalini, dawa inayozuia nyama isioze, akakosa.

"Imeisha," akasema. "Wacha tuweke maji ya chumvi. Si ni ya kupeleka tu?"

Ilikuwa Ijumaa. Nilipofika Kitale, maabara niliyoelekezwa ilikuwa imefungwa. Nafula akaifunga chupa kwenye mifuko, akaiweka ndani ya friji kando ya maziwa, akiamini anaihifadhi. Jumatatu nikaipeleka.

Ripoti ilisema nyama imeharibika, seli chache zinatia shaka, uamuzi hauwezekani, kipimo kirudiwe. Daktari akashika neno "shaka" akaacha mengine yote.

"Mama, hii ni kansa. Wiki ijayo tunakata titi lote, halafu unaanza dawa."

"Daktari, hapa wameandika turudie."

"Ukirudia unapoteza muda. Unataka titi ama unataka uhai?"

Nje, Wanyonyi alikuwa analia, akaniita kwa jina la mtoto wetu. "Mama Sitati, wacha wakate. Mimi sikuoa titi."

"Wakinithibitishia ni kansa, wakate hata yote mawili. Lakini hawajui! Wewe ungekubali mguu wako ukatwe ati kwa sababu unafanana na mguu mbovu?"

"Na ukifa ukiendelea kubishana?"

Hilo ndilo lililonitesa: huenda yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Kila siku niliyoongeza, kama ni kansa, nilikuwa naipa kansa.

Habari ikaenea Bumula. Watu wa kanisa wakaja kuniombea, wakafunga kula, na kwa hilo nawashukuru. Wengine walikuja kuniaga. Shemeji yangu aliniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama cherehani yangu ni ya umeme.

"Ni ya miguu," nikamwambia. "Na miguu yenyewe bado ninayo."

Nilikwenda hospitali nyingine, Kitale. Daktari wa upasuaji huko alikuwa mwanamke. Alisoma ripoti yote, hadi mwisho, kisha akasema hakati kitu ambacho hajui ni nini. Alirudia kipimo. Nilimwomba nione chupa. Hakukasirika; aliifungua akaninusisha.

"Hiyo inayochoma pua ndiyo fomalini," akasema. "Bila hiyo tungekuwa tunapima uozo."

Maabara ikaona kitu kisicho cha kawaida, ikatuma nyama Nairobi ikapakwe rangi maalum zinazotambulisha aina ya seli. Nilingoja. Usingizi ulikuwa haba na hasira tele. Hatimaye daktari akaniita.

"Si kansa ya titi. Hizi ni histiositi."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Seli za kinga. Kazi yake ni kula uchafu mwilini. Zako zimejazana mahali pamoja zikafanya uvimbe. Kwa darubini zinaonekana zimemeza seli nyingine nzima nzima, na zilizomezwa hazijasagwa. Ni nadra sana. Mimi mwenyewe sijawahi kuiona kwenye titi."

Akanieleza kwamba magonjwa ya histiositi ni mengi, na mengine ni hatari, kwa hiyo akanipima shingo, kifua na tumbo. Kwingine kote kulikuwa safi. Alitoa uvimbe tu. Tezi za kwapani zilinywea zenyewe. Nina kovu la urefu wa kidole, na titi langu lipo. Hakuniahidi kwamba uvimbe hautarudi; kwa hiyo naenda kuangaliwa.

Nilirudi Bungoma kumwonyesha yule daktari wa kwanza majibu, ili mwanamke mwingine asikatwe. Aliyasoma amesimama.

"Shukuru Mungu, mama."

Namshukuru Mungu kila asubuhi. Lakini si Mungu aliyeishiwa na fomalini.

Kisha pasta wetu akaniita. "Mama Sitati, Jumapili utueleze jinsi kansa ilivyoyeyuka."

"Pasta, haikuyeyuka. Haikuwako."

"Tulifunga na kuomba, bana! Usimnyime Mungu utukufu wake."

Nilikuwa karibu kukubali, nimalize maneno. Lakini Jumapili hiyo, mlangoni mwa kanisa, jirani yangu Mama Naliaka alinishika mkono akauweka kifuani, juu ya blauzi yake. Nilihisi kitu kigumu.

"Nimesikia yako iliisha kwa maombi," akaninong'oneza. "Na mimi nimeacha mambo ya hospitali. Naomba tu."

Nilipopewa kipaza sauti nilisema hivi: sikuwahi kuwa na kansa. Niliambiwa ninayo na watu ambao hawakuwa wamepima. Kilichonitibu ni kipimo kilichofanywa sawasawa na kisu cha daktari, na maombi yenu yalinitia nguvu ya kuvitafuta. Yeyote mwenye uvimbe aende hospitali kesho. Hakuna aliyeitikia amina. Pasta akachukua kipaza sauti, akaanzisha wimbo.

Kesho yake nilienda Kitale na Mama Naliaka. Uvimbe wake umepimwa ikathibitishwa: ni kansa. Amekatwa titi, yuko kwenye dawa, nywele zimekwisha na mdomo haujapungua. "Wewe ulibisha ukabaki nalo," ananiambia, "mimi umenileta mbio likakatwe. Jirani gani huyu!" Tunacheka, kisha namshikia beseni anapotapika.

Namshukuru daktari aliyesoma hadi mwisho, na wale wa Nairobi ambao sitawajua. Namshukuru Wanyonyi, aliyeogopa na bado akanisindikiza. Ninyi wenye uvimbe, msiukalie. Mkipewa chupa mbebe, ulizeni ndani kuna dawa gani. Mkiambiwa "inafanana", semeni wahakikishe kwanza, upesi, kabla ya kisu na kabla ya matanga. Mkiitwa wabishi, bisheni.